Begi la kupanda nalo ndege ukiwa na kamera ya 4x5: leta mizani kwanza

Hii ni kwa sisi wachache ambao bado tunapiga picha na zile kamera kubwa za mvukuto, za kuingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi, filamu yake shiti moja moja ya inchi nne kwa tano. Mwenye kamera ya dijitali anaingia dukani ananunua begi lolote la kamera anaondoka zake, kwetu sisi haiko hivo, na mtu akiniuliza anunue begi gani mi namwambia leta mizani kwanza. Wengine wanaudhika, lakini ndo hivo, begi ni kitu cha mwisho kununua.

Mi mwenyewe nilianza kinyume. Nilinunua begi la kamera la bei mbaya, sponji kila upande, vyumba kumi na ngapi sijui, ukilivaa unajiona mtaalamu. Tupu lilikuwa kilo tatu kasoro. Siku ya safari nikafika getini, dada wa shirika (shirika silitaji) akalitundika kwenye mizani, kilo tisa na ushee, akaniambia kaka hili linashuka chini, ndege imejaa. Basi nikapiga magoti pale sakafuni mbele ya foleni nzima, natoa lenzi natia mifuko ya koti, maboksi ya filamu nimeyafunga na shati kama mama ntilie amebeba vitumbua, holda (vile vibao bapa vya kuwekea shiti za filamu) nyingine zinateleza chini ya viti, watu wanatazama. Kamera ikashuka tumboni mwa ndege na lile begi langu la bei mbaya. Ilifika salama, ila kioo chake cha kufokasia kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona. Kuanzia siku ile nina utaratibu wangu.

Hatua ya 1: pima kila kitu kwenye mizani ya jikoni

Usikisie, mkono unadanganya. Chukua ile mizani ya kupimia unga, weka kitu kimoja kimoja, andika. Vya kwangu viko hivi. Kamera ni Intrepid, ya mbao, inatengenezwa Brighton kule Uingereza, kilo 1.2. Lenzi ya milimita 150 ikiwa kwenye bodi yake gramu 300 hivi. Lenzi ya 210, hii shata yake (kile kifaa cha kufungua na kufunga mwanga) ni ya saizi kubwa, Copal 1, kwa hiyo nzito kidogo, 550. Holda sita za plastiki, kila moja inabeba shiti mbili, zote pamoja kilo moja. Maboksi mawili ya filamu ya shiti 25, gramu 300. Kitambaa cheusi 350. Afu vile vidogovidogo unavyodhani havina uzito, laitimita ya kupimia mwanga, lupu (kioo cha kukuzia wakati wa kufokasi), waya wa kufyatulia shata, brashi ya vumbi, na mfuko wa giza wa kubadilishia filamu, ukivikusanya vinakupa gramu 800. Jumla kilo 4.5.

Sasa ukiwa unasafiri na shirika linaloruhusu begi la mkononi la kilo 7, toa 4.5, umebakiwa na kilo 2.5 ya begi lenyewe pamoja na sponji yote ya ndani. Hiyo ndo bajeti yako. Begi la safari la kawaida la lita 35 hadi 40, aina ya Osprey au Deuter, mengi yanacheza kwenye kilo moja na nusu. Weka sponji nusu kilo, umefika 6.5, umepita na unacheka. Lile la kwangu la kwanza la kilo tatu lisingepita hata kama ningeacha filamu nyumbani. Kwa hiyo unapotazama begi dukani au mtandaoni, kabla ya rangi, kabla ya mifuko, tafuta limeandikwa uzito gani likiwa tupu, muuzaji akikuambia hajui mwambie aliweke kwenye mizani au achana nalo.

Kamera ikiwa nzito hesabu inageuka kabisa. Linhof Technika ya chuma inazidi kilo 2.5, Speed Graphic za zamani zinazidi mbili, na zile za reli kama Sinar ndo usiseme, uzito upo na umbo lenyewe la ajabu, lazima uifungue vipandevipande. Ukiwa na moja ya hizo unapunguza kwingine, lenzi moja badala ya mbili, holda tatu badala ya sita. Hilo la holda halikuumizi sana kama una mfuko wa giza, jioni unabadilisha filamu chumbani. Wenye 8x10 nawapa pole tu, holda yao moja inazidi karatasi ya A4 kwa ukubwa, hapo unaongelea begi zima la kamera peke yake na filamu kwenye begi jingine.

Hatua ya 2: fuata lile shirika lenye roho ngumu kuliko yote kwenye tiketi yako

Tiketi zetu nyingi zina ndege mbili tatu, na kosa ambalo watu wanalifanya ni kuangalia ile ndege kubwa ya kwanza tu. Angalia zote afu chukua kipimo kidogo kuliko vyote. Kwa daraja la kawaida Emirates ni kilo 7 na sentimita 55 kwa 38 kwa 22. Qatar Airways nao kilo 7, ila urefu wao ni mfupi, 50 kwa 37 kwa 25. Ethiopian kilo 7, 55 kwa 40 kwa 23. Turkish wanakupa 8. KLM ni 12, usishangilie haraka, hiyo 12 ni begi pamoja na kile kipochi chako kingine. Mashirika hubadilisha haya mambo, kwa hiyo wiki ya safari ingia tena uangalie.

Ukizipanga hizo zote unaona begi la 50 kwa 35 kwa 22 linaingia kila mahali. Mi ndo kipimo ninachonunua, hata kama shirika la safari hii limeniruhusu zaidi, maana begi sinunui kwa safari moja. Na upime kwa utepe wa fundi cherehani likiwa limejaa, vipimo vya kwenye lebo ni vya begi jembamba lililokaa dukani, ukishajaza mfuko wa mbele linavimba sentimita tatu nne hivihivi.

Afu kuna vile vindege vya kwenda Mafia, Lamu, Serengeti, Cessna Caravan za abiria kumi na kidogo. Kule kawaida ni kilo 15 kila kitu, la mkononi na la chini pamoja, na wanataka begi laini, lisilo na matairi wala fremu ngumu, kwa sababu wanalisukumiza kwenye tumbo la ndege ambalo ni jembamba. Hii ni sababu nyingine ya kuachana na yale mabegi ya kamera yenye gamba gumu na ya kukokota. Kama safari yako inaishia kwa Caravan, 15 hiyo ndo inakutawala kuanzia nyumbani: kamera 6.5, tripodi mbili, nguo zako zinabaki sita na nusu. Inatosha, mashati yanafulika.

Hatua ya 3: umbo, tafuta begi bapa

Mabegi ya kamera yametengenezewa zile lenzi ndefu za mpira na simba, ndo maana yana kina kirefu kama ndoo. Vitu vyetu vimelala. Intrepid ikikunjwa ni kama sentimita 21 kwa 21 na unene wa 9. Lenzi kwenye bodi ni kipande cha kama sentimita kumi kwa kumi. Holda ina unene wa sentimita moja na kidogo, unazipanga zimesimama kama vitabu kwenye shelfu. Ukiwa na kina cha ndani cha sentimita 14 au 15 umetosheka. Begi la kina cha 25 unalipia hewa, na hewa hiyo inafanya kamera ivute mgongo wako nyuma ukitembea, ukifika hotelini mabega yamekatika.

Mlango wake uwe wa kufunguka kama sanduku, zipu inazunguka pande tatu begi linalala wazi lote. Yale ya kupanda mlima yanayofunguka juu kama gunia ni mepesi sana na bei yake nzuri, nimewahi kulitumia moja, lakini kila ukitaka lupu unatoa kila kitu, na afisa wa usalama akitaka kuona kamera iliyoko chini kabisa unaanza kumwaga mali yako kwenye meza ya chuma. Mikanda ya mgongoni iwe inaweza kufichwa kidogo au kufungwa, isining'inie. Mkanda wa kiuno ni mzuri kwa kutembea, ila ule mnene wa sponji unakula nafasi kwenye kile kisanduku cha kupimia begi pale kaunta, bora unaotoka.

Hatua ya 4: begi ndani ya begi, na fundi wako wa mtaani

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo siri yote. Begi unalonunua lisiwe na sponji. Sponji ikae kwenye vibegi vya ndani ambavyo unaweza kuvitoa kimoja kimoja, bila kufikiria, ukiambiwa begi linashuka chini. Mi ninavyo vitatu. Kimoja cha kamera. Kimoja cha lenzi na laitimita. Kimoja cha filamu peke yake. Siku nikiambiwa getini hakuna nafasi, natoa cha filamu na cha lenzi navitia kwenye mfuko wa kitambaa ambao huwa nimeukunja kwenye mfuko wa juu, begi linashuka na kamera ya mbao iliyofungwa vizuri. Kamera ikivunjika huwa inaungika au inanunulika nyingine, filamu ya harusi ya dada yako hainunuliki.

Vibegi hivi viko vya kununua, makampuni ya kamera yanauza, ila mi vya kwangu nilishonewa na fundi mabegi Kariakoo. Nilikwenda na kamera yenyewe mkononi, akaigeuzageuza, akauliza kama ni kodiani ya kwenye taarabu, tukacheka, afu akapima kwa kamba. Sponji ambayo nilimpelekea ni ile ngumu ya mikeka ya mazoezi, unene wa sentimita moja, sio ile laini ya mto ambayo ukibonyeza inakwisha kabisa. Ndani akaweka kitambaa cha fulana, laini, hakitoi nyuzi. Upande wa kioo cha kufokasia tukatia kipande cha plaiwudi nyembamba katikati ya kitambaa na sponji, hicho ndo kingeokoa kile kioo changu. Vyote vitatu vina gramu 480, nimepima.

Kitu cha kumwambia fundi: asiweke velkro upande wa ndani karibu na kitambaa cheusi wala mvukuto, inanasa na kuchuna. Na zipu iwe ya plastiki yenye meno makubwa, ile ya chuma inakwaruza mbao.

Kitambaa cheusi chenyewe usikipe nafasi yake, kizungushie kamera, ni sponji ya bure. Sweta nalo linaweza kufanya kazi hiyohiyo.

Hatua ya 5: nafasi ya filamu, hii ichague begi kwa niaba yako

Ukilitazama begi jiulize swali moja, nikiwa kwenye foleni ya skena, na viatu nimeshavua na pasipoti iko mdomoni, naweza kutoa filamu kwa mkono mmoja? Kama kibegi cha filamu kinaishia chini ya kamera, begi hilo halikufai. Kikae juu kabisa au kwenye mfuko wa mbele wenye zipu yake.

Sababu ni hizi skena mpya za CT. Zile za zamani, kwa filamu za ISO 100 mpaka 400, ukipitisha mara moja mbili kwa kawaida huoni kitu. Za CT zinapiga miale kuzunguka begi lote, nguvu ni nyingine, filamu inaingia ukungu kama imeona mwanga, na Kodak wenyewe wanasema msipitishe. Unazijuaje? Ni mashine nene ya mviringo kama mashine ya hospitali, na mara nyingi ukiambiwa usitoe laptop wala maji ya kupaka, ujue hiyo ndo yenyewe. Schiphol wanazitumia, Uingereza viwanja kadhaa, Marekani zinazidi kuenea. Na usije ukaitupa filamu kwenye begi la chini ukidhani umeikwepa, kule chini mashine ni kali zaidi.

Huku kwetu kuna jambo jingine, skena ni zaidi ya moja. Dar au Nairobi unapitisha mizigo mlangoni kabla hujafika hata kaunta, afu unapitisha tena ukielekea getini. Ukiunganisha ndege mahali unapitisha ya tatu. Kila mara unaomba kwa upole wakague kwa mkono, shikamoo kwanza kama ni mtu mzima, unamwonyesha boksi, unamwambia hii ni filamu ya picha, ikiona mwanga imekufa. Marekani kuomba kukaguliwa kwa mkono kunaruhusiwa, kwingine ni huruma ya afisa, kwa hiyo fika mapema uwe na muda wa kusubiri bosi wake aitwe.

Tatizo letu sisi wa shiti ni kwamba filamu ya rolo afisa anaiona iko kwenye kikopo, yetu iko ndani ya boksi ambalo halifunguliwi. Kwa hiyo nimebandika karatasi juu ya kila boksi, imeandikwa kwa kalamu nene FILAMU, USIFUNGUE, kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha ya ninakokwenda. Wengi wanapitisha kile kitambaa chao cha kunusa baruti nje ya boksi wanakurudishia. Na mfuko wa giza uwe karibu, akisisitiza kufungua unamwambia aingize mkono wake humo apapase, nimeshaona ikikubaliwa mara moja.

Holda safiri nazo tupu. Tafadhali. Mtu ambaye hajui holda ni nini atavuta kile kibao cheusi aone kuna nini ndani, na hutamlaumu. Holda tupu zinapita skena kama vitabu. Filamu iliyopigwa unairudisha kwenye boksi tupu la vifuniko vitatu ambalo ulikuja nalo, unafunga mpira juu, kwa hiyo kwenye hesabu ya nafasi weka boksi moja la ziada.

Hatua ya 6: kama unanunua mtumba

Mabegi mazuri yapo sana mtumbani, hata ya kamera, kwa bei ya kuku wawili. Vuta zipu mara kumi mbele na nyuma, ikikwama mara moja liache. Bonyeza mahali mkanda ulipoungana na begi, nyuzi zikiwa zimeachia fundi anarudishia, hilo sio kesi. Kinachokataza ni ndani. Pitisha kiganja kwenye bitana, begi la zamani ule utando wa kuzuia maji unaoza, unanata kama gundi, afu unaanza kubanduka vipande vidogo vyeupe kama mba. Vile vipande vinaingia kwenye holda, vinakaa juu ya filamu, na kila kimoja ni doa jeusi kwenye picha, katikati ya anga safi kabisa. Nimetumia usiku mzima nikizitia rangi kwa brashi nukta za picha moja ya Bagamoyo kwa sababu ya begi la elfu kumi na tano.

Kwa vumbi watu hutia holda kwenye vifuko vya plastiki vya zipu. Kwa huku kwetu kuwa mwangalifu, Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, Kenya 2017, Tanzania Juni 2019, na vya zipu vya vipodozi Tanzania wameviruhusu kwa msafiri lakini sitaki mjadala na mtu wa forodha saa nane usiku. Vifuko vya kitambaa kilichosokotwa vizuri vinatosha, nilikata kikoi cha zamani vikatoka sita.

Tripodi

Haihusu begi la mkononi. Toa kichwa, funga na nguo, iende chini. Ukiifunga ubavuni mwa begi unaongeza kilo mbili na unamwita mtu wa mizani kwa jina lake. Bisibisi, kisu cha mfukoni na funguo za kukazia lenzi ziende nayo. Betri za akiba na pawabenki ndo haziruhusiwi chini, hizo kaa nazo juu.

Hatua ya mwisho: zoezi la sebuleni

Kabla hujakata lebo ya begi, lijaze kila kitu, sio kwa kukisia, vitu vyenyewe. Toa lenzi kwenye kamera, fyatua shata ispringi isibaki imekazwa, kunja mvukuto taratibu kwa mikunjo yake. Kamera iwe upande wa mgongo wako na kioo kikiangalia mgongo, holda zimesimama pembeni, lenzi katikati, filamu juu. Lining'inize kwenye mizani ya mizigo. Tafuta boksi la karatasi ulikate kwa kipimo cha 50 kwa 35 kwa 22, uone begi linaingia bila kusukumwa na goti. Livae, panda na kushuka ngazi nusu saa, jirani akicheka mwache.

Afu mwambie mtu wa nyumbani akae na simu ahesabu muda. Akisema "linashuka chini", we toa kibegi cha filamu na cha lenzi, funga begi, simama. Mi natumia sekunde arobaini. Ikizidi dakika moja panga upya, na ukipanga mara tatu bado inazidi, lirudishe begi dukani lebo ikiwa bado ipo.